Madume Wawili Bwawani

Irja Saarela aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumshusha mtoto mahali pasipo kituo chake. Hata theluji ikianguka mpaka mbele pasionekane, hata mama wa mtoto akimpungia mkono kutoka mlangoni na kumwambia simama hapa hapa jamani, Irja alisogea hadi kwenye kibao, akasimamisha gari, akawasha taa nyekundu, ndipo akafungua mlango. Watu wa upande ule wa Ziwa Superior walimheshimu kwa hilo. Nyuma ya mgongo wake walimwita Mama Kibao.

Alipostaafu alirudi kuishi kwenye eka themanini za msitu alizoachiwa na baba yake, mierezi mitupu na kinamasi, na bwawa moja upande wa mashariki. Alipasua kuni zake mwenyewe, akawasha sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, kila Jumamosi, na kila Novemba alikaa siku tatu au nne katika dungu lake la mbao na kupiga kulungu mmoja wa kumtosha hadi majira ya kuchipua. Mmoja tu. Kibali chake kilisema mmoja.

Jirani yake wa mashariki, Wendell Aho, hakuwa na habari ya kusoma vibali. Alipiga kulungu kupitia dirisha la pikapu yake. Alipiga kabla ya msimu na baada ya msimu. Mkewe Darlene, mwanamke ambaye akiona damu ya kuku hutafuta kiti, alikuwa mwindaji hodari kwa mujibu wa makaratasi: kila mwaka kibali chake kilifungwa kwenye pembe za dume ambalo hajawahi kuliona likiwa hai. Irja alizungumza na Wendell kwa upole, kisha kwa ukali. Akamwandikia barua. Akapaka miti ya mpakani rangi ya chungwa. Miaka minane alikuwa akimpigia mbuzi gitaa.

Mwaka huu Wendell alivuka mpaka waziwazi. Siku nne kabla ya msimu Irja alikuta rundo la viazisukari, karoti na mahindi, limefika kiunoni, hatua ishirini ndani ya msitu wake. Chambo kidogo sheria inaruhusu kule, ndoo moja ya kawaida au karibu na hapo. Hili lilikuwa shehena. Hakupiga kelele. Alipanda hadi kilimani, mahali pekee simu inaposhika, akampigia askari wa wanyamapori, Curtis Lindgren, ambaye watu wote walimwita Bwana Nyama.

"Alhamisi," alisema Curtis. "Kabla ya saa sita mchana. Usimguse huyo mtu wala viazi vyake."

Basi Alhamisi asubuhi Irja alivaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, akatia msumeno mdogo wa kukunja mfukoni kama alivyozoea kila anapoingia msituni, akashika njia. Theluji ilikuwa ya kufunika kifundo cha mguu, na baridi ile kavu inayofanya matawi yalie. Alitaka kufika kabla ya Curtis, apige picha, asimame pale awe shahidi.

Alimkuta Wendell anakung'uta gunia. Bunduki ilikuwa begani.

"Habari za asubuhi, Bi Saarela," alisema Wendell bila kugeuka. Alikuwa na miaka arobaini na minne na tumbo lake, lakini bado alimwita kama alivyomwita kwenye basi. "Nimekusikia tangu kwenye mierezi. Unatembea kama lile basi lako."

"Na wewe unamwaga chambo kwenye ardhi yangu."

"Yako? Mpaka uko pale." Alionyesha kwa kidevu.

"Mpaka uko kwenye ule mti wenye rangi. Rangi niliyopaka mimi, ukaikwangua wewe."

"Ni ndege kigogota huyo."

"Kigogota mwenye brashi ya chuma?"

Wendell alicheka. Hilo ndilo lililomuudhi Irja zaidi kwa miaka yote minane, kwamba mtu huyu alikuwa na kicheko kizuri.

"Na bunduki je? Msimu ni Jumamosi. Siku hizi za kabla ya msimu hata kutembea nayo msituni ni marufuku, na unajua."

"Ni ya dubu."

"Dubu wamelala mpaka baridi iishe, Wendell."

"Wengine hawapati usingizi, Bi Saarela. Mimi mwenyewe siku hizi nahangaika."

"Basi utapata wa kuzungumza naye. Bwana Nyama yuko njiani."

Kicheko kilikatika. Wendell alilitupa gunia chini, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Umempigia Curtis? Kwa ajili ya viazi?"

"Kwa ajili ya miaka minane."

Alifungua mdomo kumjibu, na ndipo wote wawili waliposikia. Ilitoka upande wa bwawa: sauti kama ya vijiti vikavu vinavyogonganishwa, mara mbili, mara tatu, kisha mkoromo mrefu, mzito, uliotoka mahali pa chini kabisa pa kifua cha kitu fulani. Halafu kimya.

"Hao ni madume," alisema Wendell kwa sauti ya chini. "Lakini hawapigani. Sikiliza. Wanaopigana hawapumziki hivyo."

Mkoromo ukarudi. Wendell akaanza kutembea kuelekea huko, na Irja, ambaye hakuja kwa ajili ya kumfuata Wendell Aho popote, akamfuata.

Hawakwenda mbali kabla ya kufika mahali ambapo ardhi ilikuwa imelimwa. Hapakuwa na neno jingine. Eneo la ukubwa wa ua wa kanisa, theluji yote imechimbwa na kuchanganywa na udongo mweusi, mizizi imeng'olewa, miche ya misonobari minene kama mkono wa mtu imevunjwa katikati. Manyoya yalikuwa kila mahali, mafungu mafungu, na damu iliyoganda hadi juu kwenye magome ya miti. Irja alisimama. Alikuwa ameona kulungu maelfu maishani mwake, barabarani, mashambani, mbele ya taa za basi. Hakuwahi kufikiri kwamba ndani yao mlikuwa na nguvu ya kufanya hivi.

"Jana," alisema Wendell, akapiga goti na kugusa damu. "Au juzi usiku. Angalia hapa."

Kutoka kwenye uwanja ule ulitoka mburuzo mmoja mpana, kama mtu aliyekokota gogo. Kando yake zilikuwa nyayo za kwato zilizozama, zimerudi kinyumenyume. Na juu ya yote hayo, nyayo za mbwamwitu, nyingi, zimezunguka huku na huku.

Waliufuata mburuzo ule, na Irja alihesabu hatua bila kukusudia. Alifika mia nne kabla ya miti kufunguka na bwawa kuonekana.

Wanyama walikuwa hatua kumi kutoka ukingoni, kwenye barafu changa iliyokuwa imepasuka chini yao. Madume wawili, pembe kwa pembe. Zile pembe za matawi zilikuwa zimeingiana kama vidole vya mikono miwili inayosali, na hazikuachana. Mmoja alikuwa amekufa. Alilala ubavu majini, shingo imepindwa, na upande wake wa nyuma haukuwepo tena: mbwamwitu walikuwa wamemla hadi mbavuni. Mwingine alikuwa hai. Alisimama kwenye maji yaliyofika tumboni, kichwa kimevutwa chini na uzito wa maiti, na mvuke ulitoka puani mwake kama birika lililosahauliwa jikoni.

Irja alielewa polepole. Mnyama yule alimburuta mwenzake hatua mia nne kinyumenyume. Mbwamwitu walipokuja kumla mfu, yeye alikuwa pale, uso kwa uso na yule aliyekuwa analiwa. Kisha akawaburuta wote wawili, yeye na kilichobaki cha adui yake, hadi majini ambako mbwamwitu wasingemfuata.

"Mungu wangu," alisema.

Wendell alikuwa anahesabu ncha za pembe, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudia tena, kama mtu asiyeamini hesabu yake.

"Kumi na nne," alisema. "Bi Saarela, yule ana kumi na nne. Babu yangu aliwinda hapa miaka hamsini, hakuona mwenye kumi na mbili." Na mkono wake ukaenda kwenye mkanda wa bunduki.

Irja akasimama mbele yake. Hakufikiri, alisimama tu, mwanamke mfupi wa miaka sitini na nne mbele ya mtu aliyeshika bunduki.

"Thubutu."

"Atakufa tu, mama. Ona alivyo. Barafu inamkata kila akijitikisa. Saa mbili, tatu, anaanguka anazama."

"Msimu ni Jumamosi."

"Jumamosi atakuwa chini ya barafu na samaki!" Sauti ya Wendell ilipanda, na dume lilisikia. Likainua kichwa. Pamoja na maiti yote iliyoning'inia kwenye pembe zake, likainua kichwa mpaka shingo ikatetemeka, na maji yakamwagika kutoka kwenye uso wa mfu, na likawatazama.

Jicho lake moja lilikuwa limevimba na kufunga. Lile jingine lilikuwa jeusi, pana, tulivu. Irja baadaye alijaribu mara nyingi kuwaeleza watu jinsi lilivyotazama na hakuweza. Halikuomba kitu. Halikuogopa pia. Liliwatazama tu, kama mtu aliye katikati ya kazi kubwa anavyowatazama wapita njia.

Wendell aliacha mkono wake pale kwenye mkanda kwa muda mrefu. Kisha akaivua bunduki begani, akatoa risasi moja moja, akazitia mfukoni, akaiegemeza bunduki kwenye mti.

"Simpigi aliyefungwa," alisema. Alisema kwa hasira, kama vile Irja ndiye aliyemshurutisha. "Nimefanya mengi, najua unayo orodha. Lakini huyo simpigi."

Irja alipanda mbio kilimani kumpigia Curtis. Curtis alikuwa barabarani, dakika arobaini kutoka pale.

"Msimsogelee," alisema. "Nasema kweli, Irja. Dume kama hilo litakupasua tumbo. Na sheria hairuhusu mtu kumshika mnyama wa porini. Ngojeni nifike."

"Dakika arobaini?"

"Barabara ina barafu. Ngojeni."

Alishuka. Wendell alikuwa ameketi kwenye theluji akivua buti.

"Anasemaje?"

"Tungoje. Sheria hairuhusu kumshika."

"Haya," alisema Wendell, na kuvua soksi. "Wewe ngoja."

Dume lilijitikisa, mguu mmoja wa nyuma ukateleza kwenye matope, na kwa muda kichwa chake chote kikaenda chini ya maji. Mapovu yakapanda. Irja alishtuka kujisikia mwenyewe anapiga kelele. Kichwa kikatoka tena, kikipiga chafya, kimelegea zaidi ya kwanza. Na Mama Kibao, ambaye hakuwahi kumshusha mtoto hatua kumi kabla ya kituo, akafungua zipu ya mfuko wake na kutoa ule msumeno wa kukunja.

"Utamshika namna gani?" aliuliza.

"Nampanda shingoni, namfunika macho na koti. Wakifunikwa macho hutulia. Wengi wao." Wendell alikuwa tayari majini hadi magotini, akivunja barafu kwa ngumi, na meno yake yaligongana. "Wewe kata pembe za mfu, usiguse za hai. Ile nene karibu na kichwa, ndiyo inayowashika. Na usikae mbele yake, kaa ubavuni kwangu. Sawa, Bi Saarela?"

"Sawa."

"Na ukinikata kidole, nitakushtaki."

Maji yalipoingia kwenye buti za Irja hakuhisi baridi, alihisi kama amepigwa na rungu. Hatua ya tatu hakuwa tena na miguu. Mbele yake Wendell alikuwa anaongea, si na yeye. Alikuwa anamwambia dume mambo yasiyo na maana, kwa sauti ya chini, ya kuimba, kama mtu anayembembeleza ng'ombe anayezaa: haya baba, haya mzee, tunakuja, hatuna neno, umechoka eh, najua, najua. Irja hakuwahi kuisikia sauti ile kwake. Koti likatua juu ya kichwa. Dume likaruka. Wendell akatupwa upande mmoja kama gunia lake la viazi, akarudi, akaikumbatia ile shingo kwa mikono miwili, akaweka uzito wake wote.

"Sasa!" alisema. "Sasa, sasa!"

Irja aliweka msumeno kwenye pembe na kuvuta.

Ilikuwa ngumu kuliko mti wowote. Unga mweupe ulitoka, na harufu ya kucha iliyoungua. Ili apate nguvu ilimbidi aegemee, na hapakuwa na pa kuegemea ila shingo ya mnyama, kwa hiyo aliweka kiganja chake cha kushoto pale, chini ya mkono wa Wendell, na kiganja kikazama katika manyoya mazito, mabichi, hadi kwenye ngozi.

Ngozi ilikuwa ya moto. Hilo ndilo lililomshangaza. Siku mbili majini na kwenye theluji, bila chakula, bila kulala, na chini ya manyoya yale kulikuwa na moto kama wa mawe ya sauna. Na chini ya moto, moyo. Aliusikia kwenye kiganja na kwenye kiwiko na, kama ilivyoonekana kwake, kwenye meno yake: polepole, mkubwa, dub, dub, usio na haraka kabisa. Wa kwake ulikuwa unakimbia. Wa Wendell pia, bila shaka. Ni wa yule tu uliotulia. Irja aliacha kukata.

"Nini?" alisema Wendell.

"Moyo wake."

"Nausikia. Kata, mama."

Alikata. Hakujua muda gani ulipita. Mara msumeno ulikwama, mara Wendell aliteleza na wote watatu nusura wazame, na mara moja dume lilipumua moja kwa moja usoni kwake chini ya koti, pumzi yenye harufu ya magome na damu. Kisha kitu kikalia ta! kama tawi kwenye baridi, na ule uzito uliokuwa umewavuta wote chini ukaondoka. Maiti ilizama taratibu, pembe moja ikaonekana kwa dakika, ikapotea.

"Rudi nyuma," alinong'ona Wendell. "Polepole. Ukingoni."

Akavuta koti, naye akarudi nyuma.

Dume halikukimbia. Lilisimama pale pale, kichwa bado kimeinama, kana kwamba halijaambiwa kuwa mzigo haupo. Kisha likakiinua, kikaenda juu haraka mno kwa wepesi wake mpya, na likayumba. Likasimama. Likatoka majini. Lilipita kati yao, Irja huku na Wendell kule, karibu kiasi kwamba maji ya ubavu wake yalimdondokea Irja kwenye mkono, na hakuna kati yao aliyevuta pumzi. Pembe zile zilipita juu ya kichwa chake kama matawi ya mti unaotembea. Likaingia kwenye mierezi, bila haraka, likichechemea mguu mmoja.

Wendell aliketi chini kwenye theluji na kuanza kulia. Alilia kama mtoto aliyeanguka, bila kujificha, miguu mitupu mbele yake imekuwa myekundu kama nyama.

"Vaa soksi," alisema Irja, ambaye machozi yake mwenyewe yalikuwa yanaganda. "Wendell. Vaa soksi, utakatwa vidole." Akapiga magoti akamvalisha yeye mwenyewe, maana mikono ya yule bwana haikuweza kitu.

Walirudi kwa njia waliyojia, wakijikongoja na kushikana, kwa kuwa pikapu ya Wendell yenye kipasha joto ilikuwa upande ule. Karibu na mpaka Wendell akamshika Irja mkono ghafla.

Dume lilikuwa limesimama kwenye rundo la chambo, linakula. Lilitafuna viazisukari kimoja baada ya kingine, juisi ikidondoka kidevuni, lile jicho moja zima likiwa limefumba nusu. Upande wa pili wa rundo, chini ya mti uliokwanguliwa rangi, alisimama Curtis Lindgren na kofia yake ya serikali mkononi. Alikuwa ameivua. Irja hakujua kama Curtis mwenyewe alijua.

Hakuna aliyesogea. Theluji ilianza kuanguka, chembe chembe, ikatua juu ya mgongo wa mnyama na haikuyeyuka, na juu ya pembe, kila ncha ikapata kofia yake nyeupe. Walisimama watatu, wawili wakitetemeka kwa baridi hadi mifupa, na wakangoja kama watu wanaongoja mwenye nyumba amalize chakula. Lilipotosheka lilijilamba pua. Likawatazama mmoja mmoja. Kisha likageuka na kuondoka, na miti ikalifunga.

"Niko kazini mwaka wa ishirini na sita," alisema Curtis hatimaye, akairudisha kofia kichwani.

"Umekuta ushahidi wote, basi," alisema Wendell, meno yakigongana. "Uliobaki. Mwingine umeliwa."

Curtis aliwapeleka kwenye pikapu, akawasha kipasha joto, akawapa kahawa ya chupa yake. Kisha akatoa daftari, kwa sababu kazi ni kazi. Alimuuliza Irja alichoona, na Irja akamwambia chote kwa utaratibu: rundo, mpaka, rangi, gunia, bunduki siku mbili kabla ya msimu. Wendell aliketi pembeni yake akisikiliza, mikono imezunguka kikombe.

"Ni kweli?" Curtis alimuuliza.

"Kama alivyosema. Huyu hasemi uongo, anakera."

"Na bwawani?"

"Alitoa risasi zote kabla hajamsogelea," alisema Irja. "Hakumpiga. Alikuwa na nafasi, hakumpiga. Andika hilo. Halafu tukamshika, sisi wawili. Ulituambia tusimshike, tukamshika. Msumeno ni wangu. Andika na hilo."

Curtis aliinua macho.

"Irja, mimi sikuona mtu akimshika mnyama."

"Nimekuambia mimi."

"Simu yako ilikuwa inakatika sana kule kilimani," alisema Curtis, akafunga daftari.

Aliichukua bunduki. Kesi ya chambo na bunduki ilikwenda mahakamani Januari, na Wendell alifungiwa kuwinda kwa misimu miwili. Hakukata rufaa. Darlene hakumsalimia Irja kanisani majira yote ya baridi. Alimwambia mchungaji kwamba jirani mwema humaliza mambo mlangoni. Huenda ni kweli. Irja alilifikiria neno hilo mara nyingi wakati akipasua kuni, na hakuona mahali ambapo angefanya tofauti, wala hakuona raha.

Lakini kabla ya hayo yote ilikuja Jumamosi. Irja aliingia kwenye dungu lake gizani, kama kila mwaka, bunduki kwenye mapaja. Kulipopambazuka milio ilianza, karibu na mbali, ile ngurumo ya siku ya kwanza inayozunguka kaunti nzima, na kila mlio ulimpita mwilini. Saa moja hivi jike lilipita chini yake na mtoto wake mkubwa. Baadaye dume kijana, mnene, wa haki kabisa. Irja alilitazama mpaka likaenda. Hatimaye alishuka, akatembea hadi mpakani bila kujua anafuata nini.

Wendell alikuwa pale upande wake, amekaa juu ya kisiki, na kikombe. Hakuwa na bunduki.

"Una nyingine tatu kabatini," alisema Irja. "Na mahakama bado haijakufungia."

"Zipo."

"Mbona hukuzichukua?"

Wendell aliinua mabega. Mlio ulisikika kusini, kisha wa pili haraka.

"Amekosa huyo," alisema. "Wa pili ni wa hasira tu."

Wakasikiliza. Kulikuwa na mmoja mbali sana, kuelekea ziwani, mzito na wa peke yake.

"Na huyo?" aliuliza Irja.

"Huyo amepata." Akakunja uso, akageuza sikio upande ule kwa muda. "Lakini siyo yule."

"Utajuaje?"

 Wendell alitikisa kichwa. Kisha akasogea kwenye kisiki, akampa nafasi, na Irja akavuka mstari wa miti yenye rangi, akakaa.  Milio ilipungua kadiri jua lilivyopanda, mpaka ukaja wakati ambapo msitu wote, upande wa Wendell na upande wa Irja, ulinyamaza, na wao wakaendelea kusikiliza.